Mafuta ya Nazi Kwenye Koo la Mtungi

Riziki, mke mwenzangu, mwana wa mwanangu,

Pokea salamu zangu. Usiucheke mwandiko. Mkono huu haujatulia tangu juzi, na hata kabla ya juzi haukuwa mkono wa kuandika. Shule sikutia mguu. Mwalimu wangu ni wewe, uliyenifundisha herufi kwa mkaa sakafuni jikoni ulipokuwa darasa la pili, ukinichapa vidole kwa mwiko kila nikikosea, na mimi nikijikaza nisicheke. Kwa hiyo makosa humu ni yako pia.

Nimekaa hapa uani kwetu Nguvumali, alasiri nimeshaisali, nimeelekeza mgongo ule upande wa jiko ili nisilitazame lile tundu kwenye bati. Wewe uko Pongwe. Umetoka baada ya chakula, chakula chenyewe hukula, hukuniambia utarudi na nini, nami nimeung'ata ulimi nisikuulize. Kesho asubuhi ndiyo safari yako ya Mwera, kama bado ni safari. Pengine utarudi na ile mashine ya kubana upepo ya Mzee Mhina. Pengine utarudi na kile kidude cha dukani chenye taa za rangi. Pengine utarudi mikono mitupu, ukae tena kwenye kizingiti uniambie, "Bibi, siendi." Vyovyote, barua hii utaisoma. Ukienda, utaisoma huko ng'ambo ya mto. Usipoenda, utaisomea hapa hapa, mbele yangu, nikuone uso.

Mambo ya kula, kulala, na kufunga mlango sikuambii. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua kwa njaa na kwa mbu.

Nitaanza na bunduki, maana ndiyo iliyonishtua kwanza. Nimekulea tangu mama yako, mwanangu Zaina, alipoolewa Mombasa ukiwa bado unatambaa. Nilikufundisha kusuka ukili, kuchambua mchele, kumsalimia mtu mzima ukiwa umeinamisha kichwa. Halafu siku moja unarudi kutoka kule hotelini ulikokuwa ukifagia, begani una mkoba mrefu, unaufungua kitandani kwangu, juu ya shuka yangu ya kulalia wageni, natoka kuoga nakuta bunduki! Nilipiga yowe mpaka jirani akauliza nani kafa. Wewe unacheka. "Bibi, ni ya upepo tu. Ya kupigia kunguru. Meneja kaniruhusu nijaribu, nimewaangusha saba, wanaume wote walikuwa wanapiga mnazi."

Ya upepo tu! Mimi nilijua upepo ni ule wa kupeperushia makapi.

Ukaenda ukatafuta kibali, ukahojiwa, ukapewa, ukarudi na yako mwenyewe. Nikaificha kwenye pipa la mchele. Nilidhani nimefanya akili. Wiki haikuisha, kunguru weusi wakateremka uani wakawabeba vifaranga wa yule kuku wangu mweupe, mmoja mmoja, mchana kweupe, mama yao anarukaruka kama mwendawazimu, nami narusha kandambili hazifiki popote. Ukatoka ndani umetulia.

"Bibi, nipe bunduki."

"Bunduki gani?"

"Ile iliyo kwenye mchele."

"Umejuaje?"

"Pilau ya jana nimetafuna risasi."

Nikaitoa. Ukapiga mara moja, kunguru mmoja akaanguka, waliobaki walikaa siku nyingi bila kukanyaga mtaa huu. Tangu siku ile nilinyamaza, na majirani wakaanza kuja na vikombe vya sukari kukuomba uwapigie wao pia. Lakini moyoni sikukubali. Hilo nikuambie leo. Ulipoletewa habari ya Mwera, kwamba kuna hoteli kule pwani na wanawake wanaoanika dagaa, wote wameshindwa na kunguru na wanakutaka ukakae hukohuko, nilikupongeza kwa mdomo. Kila nikisujudu nilikuwa namwomba Mungu kitu kitokee usiende.

Kikatokea. Tazama basi mtu anavyoomba asichokijua.

Ulinieleza mara nyingi mashine ni ya nini, nami nilikuwa naitikia tu "ehe, ehe" huku nafikiria mboga. Sasa nimeelewa, tena nimeelewa kwa moto. Bunduki yako haina baruti. Ndani yake kuna upepo uliobanwa mpaka umekuwa mgumu kama jiwe. Bunduki inanywa kwenye mtungi, na mtungi unanywa kwenye mashine. Hapa Tanga ulikuwa unajaziwa mtungi na yule kijana wa wazamiaji wa baharini kule mjini, unamrudishia asante na samaki. Mwera hayupo wa kukujazia. Lazima uwe na mashine yako. Na mashine ya fundi pancha haifai, ile inajaza tairi basi, haifiki hata robo ya robo ya upepo unaoutaka wewe. Hayo yote ulishaniambia. Ungeniambia na la mafuta! Lakini ungeniambiaje, na mimi sikukuuliza, wala sikukwambia nilichokuwa nakifanya.

Unalijua kovu hili la mkono wa kushoto, hii ngozi iliyokunjamana kama utando wa maziwa. Ukiwa mtoto ulikuwa unaichezea ukiniuliza nani kakuuma. Nilikujibu simba. Haikuwa simba. Nilikuwa bibi arusi, nimeletwa kwenye nyumba ya babu yako, mawifi wamekaa mstari mzima jikoni wananitazama nitapika nini. Wakaniwekea jiko la mafuta ya taa, lile la kupampu. Kwetu tulipika kwa kuni, jiko lile nilikuwa sijapata kuligusa. Nikaona haya kuuliza. Watasema nini, wifi yetu mshamba, jiko halijui? Nikaanza kupampu. Nilivyoona moto mdogo nikapampu tena. Hakuna aliyesema neno, wao wanangoja nichekeshe, mimi nangoja moto ukue. Ulikua. Ulirukia mkono huu na ukingo wa kanga, na yule wifi mkubwa ndiye aliyenimwagia maji, masikini, huku analia yeye kuliko mimi. "Si ungeuliza, mwanamke wewe!" Tangu siku ile nimeishi nikijua kwamba upepo ukibanwa una hasira. Lakini kuuliza, Riziki, sikujifunza. Nilijifunza kuogopa majiko tu. Mtu anaweza kuungua na asitoke na funzo lenyewe.

Basi tuje juzi.

Yule kijana wa wazamiaji alikuwa kasafiri, na wewe ulitaka ufike Mwera mtungi umejaa, ukaanze kazi siku ile ile. Ulikuwa unauzunguka mtungi kama mtu anayemzunguka mgonjwa. Mjomba wako Shebe, mwanangu mimi, fundi wa kuchomelea milango ya chuma mtaa wote huu, akasema, "Mnahangaika nini? Mimi si nina mtungi wa oksijeni pale karakana? Naleta sasa hivi, dakika mbili umejaa."

Ukamwambia, taratibu, kwa ile sauti yako ya adabu, "Mjomba, lakini wameandika hewa ya kawaida tu."

"Hewa ni hewa," akasema Shebe. "Tena hii yangu ni hewa iliyosafishwa. Hata mahututi hospitali wanapewa."

Ukanyamaza. Nilikuona ukinyamaza. Ukatazama chini ukaanza kufuta bunduki iliyokuwa imeshafutwa.

Na mimi? Mimi asubuhi ya siku ile niliamka kabla yako. Nikautazama mtungi wako umesimama pembeni mwa mlango, nikaona pale kwenye koo, pale unapofungiwa mpira, pana ukijani wa chumvi. Unajua nyumba hii. Unajua mtaa huu. Bawaba ya mlango, kufuli, cherehani ya marehemu babu yako, mnyororo wa baiskeli, mkasi, hata pini zangu za ushungi, kila chuma hapa kinapakwa mafuta ya nazi, la sivyo chumvi inakitafuna mpaka kinabaki unga. Mama yangu alipaka, bibi yangu alipaka. Nikasema mwanangu anasafiri, mtungi wake usiende Mwera na kutu kama wa yatima. Nikachovya kidole kwenye kile kichupa changu, nikaupaka kooni, nikaupaka na ule mpira wako mdomoni, nikapaka vizuri, nikafuta kilichozidi, nikarudi kulala kidogo. Nilifurahi. Nilijiambia hutajua, utaona tu unafunguka laini, utasema, kah, chuma hiki leo kimependa.

Shebe akaja na mtungi wake mrefu juu ya mkokoteni, anaimba. Mkafunga mpira. Wewe ukauchukua ukaushika pale ulipoungana na mtungi wako, umechutama, uso wako uko pale pale. Pale pale, Riziki! Na mimi niko jikoni nasikia harufu ya wali kushika chini, nikaita kwa ukali, "Riziki! Wali unaungua na wewe unacheza na vyuma!" Ukaguna. Nilikusikia ukiguna. Ukainuka ukaja, Shebe anasema nenda, nenda, naushika mwenyewe.

Ulikuwa hujaugusa mwiko.

Sijui niuite mlio gani. Nyumba nzima ilipigwa kofi. Nikaona mwanga mweupe kwenye ukuta wa jiko, nyuma yako, kivuli chako kimechorwa ukutani kama kwa wino, halafu kitu kikapita juu ya vichwa vyetu na bati likatoboka. Kuku wote wakanyamaza. Nakwambia kuku walinyamaza kwanza, ndipo Shebe akapiga kelele. Tulipotoka alikuwa amesimama, nyusi hamna, mkono wa kulia mweusi mpaka kiwikoni, na kwa ule wa kushoto anaufunga mtungi wake, anauzungusha, anauzungusha, analia kama mtoto na bado anazungusha. Mungu amlipe. Asingeufunga, leo ningemwandikia nani?

Mimi nilisimama na kanga mkononi sijui nimfunike nani. Wewe ndiye uliyemmwagia maji, mengi, bila kusita, ukamwita bodaboda. Halafu uliporudi kutoka hospitali ukainama kwenye kile kipande cha mpira kilichobaki. Ukakinusa. Ukaninyooshea macho.

"Bibi. Nani kapaka mafuta hapa?"

"Mimi."

Heri ungenitukana. Ukakaa chini pale mchangani, ukanieleza kwa sauti ndogo, kama unamweleza mtoto, kwamba mafuta na oksijeni iliyobanwa havihitaji kiberiti, vinakutana tu vinawaka. Kwamba hata hewa ya kawaida, ikibanwa sana, mafuta ni hatari. Kwamba ndiyo maana pale kwenye mtungi pana alama ile ya chupa ya mafuta iliyopigwa mkasi mwekundu. Nikaitazama. Kumbe ile alama niliipaka mafuta juu yake.

Tangu hapo nikifumba macho naona kile kivuli chako ukutani. Ulikuwa ushike wewe. Uso huu niliouogesha! Nikila naona, nikisali naona. Nimemwomba Shebe radhi, anavyojua yeye mzaha, amefungwa bendeji mpaka begani anasema, "Mama, umenibanika kama mkate wa mofa, na hukunigeuza upande wa pili." Akacheka, akalia. Na yeye amekuomba radhi wewe kwa ile oksijeni yake, nilikuwapo. Yamekwisha kwetu sote. Lakini nilichokiona kwenye kosa hili nataka uende nacho.

Wewe ulijua ile hewa siyo, ukanyamaza kwa sababu mjomba ni mjomba. Mimi sikujua chochote, nikanyamaza kwa sababu naona haya kuonekana sijui. Shebe alidhani anajua. Watu watatu tunaopendana, uani kwetu, na kila mmoja ameshika kimya chake. Nimekulea na adabu, nami siijutii adabu ile. Mtu mzima muamkie, mpishe, mpe kiti. Lakini mbele ya mtungi, Riziki, hakuna mjomba. Hakuna bibi. Mbele ya mtungi ukiona kitu siyo, piga kelele kama unamfukuza ng'ombe shambani. Mimi niliyekufundisha kuinamisha kichwa ndiye ninayekuruhusu kukiinua. Atakayekuita mkosefu wa adabu mwambie aje Nguvumali aniulize mimi.

Ulipokaa kwenye kizingiti jioni ile ukaanza kutoa nguo kwenye begi, moja moja, ukasema, "Bibi, siendi," nilitaka kuruka kwa furaha. Dua yangu imejibiwa! Ndivyo nilivyodhani nitajisikia. Badala yake furaha haikuja. Nilikuona umekunjika pale, wewe uliyewaangusha kunguru wanaume wakitazama, sasa unaogopa hata kufunga kopo la maziwa. Nikashangaa nafsi yangu. Sauti yangu mwenyewe nikaisikia ikisema, "Kesho tunakwenda Pongwe kuangalia mashine. Vaa viatu vizuri." Ulinitazama kama umeona jini.

Jana basi. Unajua yaliyotokea, lakini hujui yalivyokuwa moyoni mwangu. Kwanza tulipita pale dukani mjini. Kijana wa duka akakutolea kile kidude, chepesi, unakibeba kwa mkono mmoja kama kikapu cha sokoni, kinatumia betri ya gari, taa bluu, taa nyekundu, hakitaki mafuta kabisa. Hapo nilikuona macho yanakung'aa. Hakitaki mafuta! Hata mimi nilikipenda, nilitaka nikibusu. Ndipo nikasema leo nauliza, hata nikichekwa.

"Mwanangu, hiki kinajaza nini?"

"Bunduki, bibi. Kinajaza vizuri sana."

"Na mtungi?"

"Mtungi pia kitajaza… ila ukipumzishe. Kikipata moto unakizima, kinapoa, unawasha tena."

"Mara ngapi?"

Akajikuna. "Inategemea na mtungi."

"Mtungi wenyewe ni kama mtoto wa miaka miwili, mnene."

Akacheka. "Basi bibi, hapo utakipumzisha sana."

"Na maji ya hewa yanatokea wapi? Nasikia hewa ikibanwa inatoa maji, kama sufuria iliyofunikwa."

Hapo hakucheka, akaonyesha kijibomba kama kidole changu kidogo, ndani pamba. Wewe ulikuwa unanitazama. Ulidhani hayo yote ulipokuwa unanieleza nilikuwa nafikiria mboga. Kweli nilikuwa nafikiria mboga. Lakini yaliingia.

Tukaenda Pongwe kwa Mzee Mhina, yule aliyekuwa anawajazia wazamiaji mitungi kabla hajageukia michungwa. Mashine yake, Yarabi, nzito kama mbuzi wa kuchinja, feni kubwa, mabomba yamejisokota, na pembeni lile bomba nene analoliita filta. Ikiwaka inanguruma mpaka unazungumza kwa mikono. Ina mafuta ndani, mafuta yake yenyewe, si ya gari wala ya nazi. Uliposikia "mafuta" ukarudi nyuma hatua mbili. Mimi ndiye niliyesogea.

"Mzee Mhina," nikasema, "mimi sijasoma na jana nimemuunguza mwanangu. Nieleze kama unamweleza mjinga, usiache kitu."

Akaizima mashine, akavuta kigoda, akaeleza. Mafuta yako upande huu, hewa upande huu, na vinapokaribiana ndipo filta inapofanya kazi ya kuyakamata mafuta na maji yasiingie kwenye mtungi. Kila baada ya muda unafungua kibomba cha chini unatoa maji. Nikamwambia awashe, afungue kidogo, nikashika ncha ya ushungi wangu mweupe pale hewa inapotoka, mbali kidogo, kama ulivyoniambia. Nikautazama ushungi. Kulikuwa na duara dogo la njano.

"Hiki nini?"

"Aa, kidogo tu hicho, bibi. Filta imechoka."

"Kidogo kama nini?"

Hakuelewa.

"Mimi jana nilipaka kidogo. Nilitumia ncha ya kidole."

Mzee wa watu akautazama ule ushungi, akakutazama wewe, akaacha kutabasamu. Akasema, "Mje kesho. Nitakuwa nimeweka filta mpya, na mafuta mapya, na ushungi mlete mweupe tena." Na akasema ule mtungi wako uliopigwa na moto usitumike tena hata kwa kuwekea mlango, atakupa wake, uliogongwa mwaka wa kukaguliwa pale shingoni, muda wa ukaguzi haujaisha. Akakuonyesha. Ulisoma mwenyewe.

Ulipofika nyumbani ukasema tu, "Kile cha dukani hakina mafuta, Bibi." Nikakujibu, "Hakina." Nikaishia hapo.

Leo nimekuacha uende peke yako makusudi, na ushungi wangu mweupe nimekupa, nimekufungia kwenye mkoba pamoja na karanga. Siwezi kukuchagulia. Nikikuchagulia mimi utakuwa umenyamaza tena, safari hii kwa ajili yangu. Lakini kwa kuwa unaniuliza kimoyomoyo, nami nikwambie ninachofikiri. Kile kidogo kimeumbwa kunywesha bunduki, wewe una mtungi. Utakiwasha, utakizima, utakingoja kipoe, na kunguru hawangoji. Siku moja utachoka kungoja, utasema leo kisipumzike, kitakufa mkononi, na utakapokuwa huna mashine atakuja mtu mwema kama Shebe na hewa yake. Hapo ndipo ninapopaogopa mimi. Ile mashine kubwa ina hatari yake, lakini imekueleza mwenyewe hatari iko wapi. Mafuta haya hapa, filta hii hapa, maji toa hapa. Ya dukani imekunyamazia. Na sisi nyumba hii tumeshamaliza kimya chetu chote.

Na ukiamua usiende kabisa, rudi. Wali upo, kuku yupo. Sitakusimanga. Ila usibaki kwa ajili ya kile kivuli. Kivuli kile ni changu mimi, niachie.

Jua limeingia nyuma ya nyumba ya jirani. Shebe amepitia, mkono umetundikwa shingoni, ameuliza umerudi? Nikamwambia bado. Amekaa hapa kando yangu anachungulia kalamu yangu, ananiuliza namsemea nini. Nimemwambia namsema yote. Anasema niongeze kwamba nyusi zitaota.

Kuna bajaji inanguruma kule kona. Imesimama. Si yako, imeendelea.

Nyingine.

Riziki, nimeinuka kuchungulia, nimerudi kuandika kwa haraka kabla hujaingia. Ni wewe. Bajaji imelala upande mmoja kwa uzito. Watu wawili wa maskani wamekuja kubeba na wewe umesimama juu ya kiti cha nyuma unawafokea, mtaa mzima unakusikia, "Msishike hapo! Nimesema msishike hapo, wewe, toa mkono kwenye filta! Nani kaja na mikono ya samaki? Kanawe!" Mmoja wao ni mtu mzima wa kukuzaa. Kainamisha kichwa kaenda kunawa. Shebe anacheka mpaka anashika ubavu. Na begani umetundika ushungi wangu, unapepea, nautazama kwa macho haya mabovu naona mweupe. Mweupe mtupu.

Basi. Nakunja karatasi, nitaitia chini ya nguo zako utakapokuwa unawaonyesha pa kuiweka mashine.

Kesho asubuhi kabla hujatoka utakaa mbele yangu kwenye mkeka, nitakupaka mafuta ya nazi kichwani, kama nilivyokupaka kila safari tangu siku ya kwanza ya darasa la kwanza. Hilo sitaliacha, wala usinikatalie. Nitakupaka taratibu mpaka utosini, nitakusomea. Halafu tutakwenda pale kwenye ndoo, wewe na mimi, na sabuni ya kipande, tunawe mikono yetu minne mpaka kwenye kucha. Ndipo uiguse mashine yako.

Ni mimi, bibi yako, mke mwenzako, mwanafunzi wako.